Chungu Kisicho na Kitako

Damari alikuwa na miaka mitano ya ndoa, na mzee Ezekia, baba wa mumewe, alikuwa hajauona uso wake hata mara moja. Msishangae. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mwanamke akisikia mzee anakuja anaiacha njia, anajifunika nguo usoni, hata kama ni kuingia kwenye matope ya mpunga ataingia. Na mzee naye, kama ana adabu zake, anajikohoza tangu mbali ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha. Si chuki, jamani. Ni heshima, tena heshima ya kuchosha kweli. Mchungaji aliwahi kuhubiri Jumapili nzima kwamba wote ni ndugu katika Bwana na woga ule upungue. Ezekia aliitikia Amina kwa sauti kuliko wote, akatoka kwa mlango wa wanaume, akaenda zake akijikohoza.

Kazi yake ilikuwa ulinzi wa kiwanja cha ndege. Huo ni mwaka wa hamsini na tano. Kampuni ya migodi ilikuwa imefyeka kiwanja cha majani katikati ya Mbugani na Ngonga, na kila Jumanne na Ijumaa ndege ilitua pale kuchukua vijana wa kwenda Joni, kule Afrika Kusini, kuchimba dhahabu na kuwarudisha waliomaliza mikataba yao. Ezekia alikata majani, alifukuza ng'ombe, alipandisha mlingotini ule mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, na alipokea abiria. Walimpa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Alilivaa hata juani, hata msibani.

Lakini koti silo lililomfunga pale. Mwanawe Jonasi, mume wa Damari, alipanda ndege kiwanjani pale pale, na sasa mwaka wa tatu ulikuwa unakatika bila barua. Kila ndege ilipotua Ezekia alisimama karibu na ngazi akawahesabu wanaoshuka, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Akifika wa mwisho anaikunja midomo, anasema, "Karibuni nyumbani, watoto wangu," na anawaongoza. Hakuna aliyejua mzee alikuwa anafanya hesabu gani isipokuwa mkewe Tupokigwe, na mtu mwingine mmoja tutakayemfikia.

Sasa huyo Damari. Yeye hakuwa Mnyakyusa. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule pembeni mwa ziwa ambako wanawake wanafinyanga vyungu na wanaume wanavua, na mtoto wa kike anajua kukanda udongo kabla hajajua kusuka nywele. Siku alipomsindikiza Jonasi hakulia tu kama wenzake. Alilia, halafu akaangalia. Aliona vijana waliotoka Katumba Songwe na ng'ambo ya mto tangu alfajiri, wamekaa chini mpaka saa sita na matumbo matupu, na hakuna hata mwuza ndizi. Aliona wanaoshuka wakiyumba, wametapika angani, wanaulizana wapi pa kupata maji ya kunywa. Akarudi nyumbani akalifikiria jambo hilo miezi sita. Kisha akamwendea mama mkwe.

"Mama, naomba nikafungue mgahawa kiwanjani."

Tupokigwe akaupeleka ujumbe nyuma ya nyumba, maana ndiko mzee alikokuwa. Ezekia aliruka kutoka kwenye kigoda alichokalia.

"Kiwanjani! Kiwanjani si nipo mimi?"

"Kiwanja kile kina hatua elfu moja," mkewe akamjibu. "Wewe shika kichwa, yeye ashike mkia. Au unataka na mkia pia?"

Basi ikawa hivyo. Mlingoti wa mfuko wa upepo ukawa mpaka. Upande wa kaskazini ni wa mzee, upande wa kusini ni wa mkamwana, na mzee akiukaribia mlingoti anajikohoza.

Na mgahawa wenyewe, acheni niusifu, maana ulistahili. Miti minne, paa la nyasi, mabenchi ya matete, mafiga sita. Kila bakuli Damari alilifinyanga mwenyewe, na ukingoni aliacha alama ya kidole gumba ili likiibwa lijulikane hata Malawi. Alipika wali wa mpunga wa Kyela, ule unaonukia mpaka mtu anasahau alikotoka. Alipika ndizi, maharage, na samaki wa ziwani aitwaye mbasa, kwa limau. Lakini kupika wengi wanajua. Damari aliwajua walaji. Wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza aliwanyima maharage, hata wakasirike vipi. Aliwapa wali mkavu kidogo na chai ya tangawizi, na hao hawakutapika angani. Wanaoshuka aliwapa mbasa kwanza, kabla ya salamu. Wanaume wazima, waliokaa chini ya ardhi miezi kumi na minane, walikuwa wakilionja tonge la kwanza wanainamisha vichwa, machozi yanatiririka, na yeye anajifanya anachochea moto ili asiwaaibishe. Rubani mmoja mwanzoni alikula amesimama, ameshika bakuli kwa vidole viwili. Mwezi wa pili alikuwa anakaa kwenye benchi la matete kama mwenyeji na kudai ukoko.

Na mzee? Mzee alipata chake. Damari alikuwa akikipakua kwanza kwenye chungu kidogo, anakifunika, anakibeba mwenyewe mpaka kisiki kilichokuwa chini ya mlingoti, anaondoka haraka. Ezekia huko aliko anasubiri aondoke kabisa, anajikohoza, anatembea hatua zake mia nne hadi kisikini. Mpaka afike chakula kimepoa. Miaka miwili alikula mapishi ya mkamwana wake yakiwa ya baridi, na bado alikuwa akilamba vidole. Chungu alikirudisha kimeoshwa, na ndani yake ameweka kitu: limau moja, au kambare aliyemkamata mferejini. Siku ambazo hesabu ya ngazini ilikuwa imemwumiza sana alirudisha chungu kitupu, na siku ya ndege iliyofuata alikuta kipande cha mbasa kimeongezwa. Damari ndiye mtu wa pili aliyeijua hesabu yake. Hawakuwahi kuambiana neno.

Balaa lilikuja Ijumaa moja ya mwezi wa tano, na lilitokana na adabu yenyewe. Ezekia alikuwa na desturi ya kuwaongoza abiria mpaka mlingotini, hapo anasimama, ananyoosha mkono: "Nendeni pale penye moshi, mtakula." Yeye haendi nao. Siku hiyo ndege zilikuwa mbili, moja imetua na nyingine iko njiani. Kijana mmoja, Anyosisye wa Ngonga, akala akashiba, akatafuta kichaka cha kujisaidia. Hakuna wa kumwonyesha. Akakatiza kiwanja katikati, anafungua mshipi huku anatembea, na ndege ya pili inashuka.

Rubani aliinyanyua. Magurudumu yalipita juu ya Anyosisye aliyekuwa amelala kifudifudi, kofia yake ikapeperushwa hadi kwenye mpunga. Hakuumia hata ukucha, ila haja yenyewe ilimalizikia pale pale.

Msimamizi wa kiwanja alikuwa Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Filimbi, kwa sababu alikuwa na filimbi shingoni na aliipuliza hata akitaka chai. Alifika anapuliza.

"Wewe mlinzi! Kwa nini hukuwa pamoja na abiria wako?"

"Walikuwa wanakula, bwana."

"Najua walikuwa wanakula! Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlingotini."

"Kwa nini mlingotini?"

Ezekia akayatazama majani. "Mkamwana wangu yuko kule jikoni."

"Basi?"

"Basi siwezi kufika, bwana."

Bwana Filimbi aliomba aelezwe mara ya pili, akaelezwa, akazidi kuwa mwekundu. Pembeni alikuwa amesimama Lameck, mfanyabiashara wa Mbugani, aliyekuwa ameumezea mate mgahawa ule tangu siku ya kwanza. Alikuwa na meza za mbao na vikombe vya bati, na mara hii hakungoja kuulizwa.

"Mimi sina mkwe hapa, bwana," akasema kwa upole wa uongo.

Amri ikatoka. Kuanzia Ijumaa ijayo mlinzi atakaa ndani ya mgahawa pamoja na abiria, tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Ikishindikana, mgahawa unakwenda kwa Lameck.

Jioni ile Ezekia alivua koti nyuma ya nyumba yake, akalikunja. "Nitalirudisha Ijumaa," alimwambia mkewe. "Watafute mlinzi mwingine, kijana, asiye na mkamwana. Mtoto abaki na mgahawa wake."

"Na Jonasi akishuka atapokewa na nani?"

Mzee akalikunjua koti, akalikunja upya.

"Halafu sikia," Tupokigwe akaendelea. "Mwenzio naye ameniambia hivyo hivyo. Anasema afadhali afunge yeye mgahawa, wewe ubaki karibu na ngazi. Mmekuwa wendawazimu wote wawili, na mimi ndiye ninayebeba maneno yenu."

Kesho yake Davidi, kaka yake Damari, akatia mguu kutoka Ikombe. Habari zilikuwa zimemfikia. Hakuwa mtu mbaya, ila alisema wazi, na ukuta wa matete hauzuii sauti. "Dada, mumeo hana barua mwaka wa tatu. Mtoto hukujaliwa. Ulikuwa na mgahawa, sawa, tulinyamaza. Sasa mgahawa unachukuliwa. Hapa unakaa kwa ajili ya nini?"

Ezekia alikuwa nyuma ya nyumba, kila neno limemwingia. Alingoja jibu la mkamwana wake, hakulisikia. Jumapili baada ya ibada aliwaona kwa mbali, migongo miwili, Davidi mbele na Damari nyuma na furushi kichwani, wameshika njia ya Mwaya kwenye mitumbwi. Alitaka kumwita. Moyo ulimwuma kweli, mzee wa watu, alitaka kupaza sauti: usiende, binti yangu, nitabaki na nani wa kujua ninachohesabu? Lakini mdomo huo haukuwa na ruhusa. Kitu pekee alichoruhusiwa ni kujikohoza. Basi alijikohoza, mara mbili, tatu, kwa nguvu zake zote.

Kule njiani Damari alisikia. Akafanya kama alivyofundishwa: akajifunika uso, akaiacha njia, akapita matopeni. Hakugeuka.

Jumanne ndege ilitua, na kisiki kilikuwa kitupu. Ezekia alikwenda pale kwa mazoea ya miguu, akasimama, akarudi. Lameck alileta maandazi ya juzi na chai ya maji ya vuguvugu ili watu wauzoee uso wake. Kijana mmoja aliyeshuka, mwenye suti na gramafoni, aliuliza, "Yule mama wa mbasa yuko wapi? Mgodini kule wanamsema kila siku." Alipoambiwa hayupo alikaa juu ya sanduku lake kama aliyefiwa. Ezekia alimchukia Lameck, akajichukia mwenyewe, akaenda kufukuza ng'ombe ambao hawakuwa wamekosa kitu.

Alhamisi mchana alikuwa anafyeka majani upande wake alipoona msafara unatokea njia ya Mwaya. Wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja ana chungu kichwani, vile vyungu vikubwa vya kupikia pombe ambavyo mtoto anaweza kujificha ndani. Davidi alikuwa nyuma yao, amebeba viwili kwenye mti, anahema na kulaani. Na mbele kabisa, mwanamke mrefu aliyejifunika kanga. Ezekia akatupa fyekeo, akajikohoza upesi, akageuza mgongo.

Mchana kutwa alisikia vyungu vikigongana upande wa kusini. Shingo ilimuwasha. Hakugeuka, na msifikiri ilikuwa rahisi. Tupokigwe alipita na ndoo ya udongo mbichi, akamwuliza, "Unatazama nini huko, Baba Jonasi?"

"Natazama majani."

"Yatazame vizuri," mkewe akasema, akaenda zake akicheka.

Ijumaa Ezekia alifika kiwanjani na koti amelikunja kwapani. Ndege ikatua. Akasimama karibu na ngazi, akahesabu. Kumi na tisa. Jonasi hakuwemo. Akaikunja midomo, akawakaribisha nyumbani, akawaongoza mpaka mlingotini, na hapo miguu ikakataa kama siku zote. Bwana Filimbi alikuwa nyuma yake. Lameck alikuwa amesimama kando na meza yake moja, tayari kuiingiza.

Tupokigwe akatokea mbele ya mgahawa. "Baba Jonasi, pita. Upande wako umetengenezwa."

Akapita. Akaona.

Mgahawa ulikuwa umekatwa katikati na ukuta, na ukuta wenyewe ni vyungu. Vimepangwa vitatu kwenda juu, kupita kimo cha mtu, tangu mti hadi mti, na mianya yote imezibwa kwa udongo. Vilikuwa vyungu vilivyoharibika motoni wakati wa kuchomwa, vyenye nyufa, vyenye midomo iliyopinda, vile ambavyo Ikombe huvitupa nyuma ya nyumba kwa kuwa havishiki maji. Damari alikuwa amevikusanya vya ukoo mzima. Katikati, usawa wa kifua, chungu kimoja kilikuwa kimelazwa ubavu. Kitako chake kilikuwa kimedondoka motoni, kwa hiyo kilikuwa wazi huku na huku, na mdomo wake ulielekea kwenye mabenchi. Kwa ndani shingo ilikuwa nyembamba. Mkono unapita na bakuli linapita, lakini uso hauonekani.

Abiria wakaketi. Ezekia akasimama katikati yao, ameduwaa. Kisha taratibu akalikunjua koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote vitano, akakaa kwenye benchi la mwisho ambapo anaweza kuona kila anayetoka.

Bakuli la kwanza likachomoza kutoka mdomoni mwa chungu, linafuka mvuke. Kijana aliyekuwa mbele akalipokea kwa mikono miwili. La pili. La tatu. Watu wakaanza kushangilia kila linapotokea.

"Hiki nini?" Bwana Filimbi akauliza.

"Ukuta, bwana," Ezekia akasema. "Mimi nipo na abiria. Hakuna atakayetoka bila mimi. Na yeye yupo jikoni kwake. Amri yako imetimia, na heshima yetu haijavunjika."

Yule bwana akainama, akakodoa jicho kwenye chungu ili aone huko ndani kuna nini. Bakuli la mbasa likaja likasimama chini ya pua yake. Akarudi nyuma. Mvuke ulikuwa umemjaa kwenye miwani, limau limempanda puani. Akaangalia bakuli, akaangalia meza ya Lameck kule nje, akavuta benchi akakaa. Hakupuliza filimbi mpaka alipomaliza, na hapo alipuliza kuomba la pili. Lameck akajitwika meza yake kichwani, akarudi nayo Mbugani peke yake, maana hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Ndege ikaondoka saa nane. Abiria walioshuka wakatawanyika na masanduku yao, Tupokigwe akaenda kuteka maji, na Davidi alikuwa amelala chini ya paa kwa uchovu. Ezekia akabaki peke yake kwenye benchi. Hakuwa amekula. Alikuwa anataka kuinuka aende kisikini, kwa mazoea, pale bakuli moja liliposukumwa kutoka kwenye chungu na kusimama ukingoni likimngoja.

Akalichukua, nusura aliangushe. Lilikuwa la moto! Akapuliza, akaonja, akafumba macho. Miaka miwili alikuwa akidhani anayajua mapishi ya mkamwana wake. Tangawizi ile hakuwa ameisikia kabisa, wala harufu ya limau ambayo baridi huiua. Alikula mpaka akakwangua, na aibu hakuona.

Kisha akakaa na bakuli tupu magotini, akawaza. Mila ilimkataza kusema na mkamwana wake. Lakini mila, alivyoipekua yote kichwani, haikusema neno juu ya mtu kuzungumza na chungu.

"Wewe chungu," akaanza. Akasogea karibu, akaanza tena. "Wewe chungu, mimi sijui kama ndege itamleta mwanangu. Nimehesabu mpaka nimechoka. Lakini aliyekuleta hapa mwambie hivi. Akitaka kurudi Ikombe kwa ndugu zake, sitamlaumu, nitambebea furushi mpaka Mwaya, nitembee nyuma sana. Na akitaka kukaa, akae kama mtoto niliyemzaa mimi. Asikae kama mke wa mtu asiyejulikana alipo. Ndaga fijo, asante sana, kwa chakula. Leo na siku zote zile."

Akaliweka bakuli mdomoni mwa chungu. Moto tu ndio uliosikika ukilia jikoni. Mzee akajuta, akadhani amesema mengi.

Ndipo mkono ukatokea, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akaona kitu cha mkamwana wake kisichokuwa mgongo: vidole virefu vyenye udongo mkavu kwenye kucha, na kovu la moto kwenye kifundo cha mkono. Ukalichukua bakuli, ukapotea. Likarudi limejaa, linafuka, na juu ya wali limewekwa limau zima, lile lile alilolitia yeye chunguni kabla ya balaa, limeanza kunyauka ganda.

Na nyuma ya ukuta, Damari akajikohoza. Mara moja, kwa nguvu, kama mzee mwenye adabu zake.

Ezekia alicheka mpaka Davidi akaamka. Kisha akavuta bakuli karibu, akala kabla halijapoa.